Mikono ya Ukutani

"Nitajie mmoja tu. Nani mzito wa mikono kuliko wote katika zamu yako?"

Kwa swali hilo, mwishoni mwa sehemu iliyopita, meneja alituacha juma zima tukiwa tumeshika vifua, msomaji. Na kabla Cherehani, msimamizi wa zamu ya wakunja shuka, hajapata neno la kujibu, mlango ulifunguliwa.

Aliyeingia alikuwa Mama Mdogo.

Alikuwa amekumbatia makoti meupe yaliyopigwa pasi kwa ajili ya wageni. Aliyaweka juu ya kiti, akanyoosha kola ya koti la juu kwa kidole, kisha akamwona Cherehani amesimama mbele ya meza ya meneja, mdomo wazi, kama mtu aliyekutwa na mkono ndani ya mtungi wa jirani.

"Samahani. Sikujua mna mazungumzo."

"Hakuna neno, mama," meneja alisema. Hakumtazama usoni. Alitazama kitambaa alichojifunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kisha akamgeukia Cherehani na kuinua nyusi. "Ni huyu, siyo?"

Swali lile lilidai neno moja: hapana.

Cherehani hakulitamka.

Hakutamka ndiyo pia. Aliinamisha macho akalitazama zulia. Lakini katika ofisi ile ukimya ulikuwa jibu kama majibu mengine, na meneja alikuwa na haraka.

"Ahsante. Nimeelewa."

Mama Mdogo alitoka, akaufunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga.

Ndivyo alivyokuwa akiufunga mlango wa Cherehani zamani. Binti huyu alifiwa na mama yake akiwa hajaota meno yote, na mama huyu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamsomesha hadi alipoweza, na hatimaye akamwombea kazi hapa, katika kampuni ya dobi ambamo yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wafuaji wa kwanza.

"Amalize zamu ya leo," meneja aliendelea, "kisha apumzike moja kwa moja. Utamwambia wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye msimamizi wake. Isitoshe ni mama yako mdogo. Habari kama hii ikitoka kwa mtu wa damu haichomi sana. Sisi hapa ni familia."

"Meneja, kuhusu kile kipimo cha shuka za kukunja kwa siku..."

"Kipimo kimefanya nini?"

Mlango wa ukweli ulikuwa wazi mbele yake. Cherehani alifika kizingitini, akageuka.

"Ni kigumu kidogo kwa watu wazima."

"Wewe umekiweza?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi kinawezekana. Hayo mengine tutayazungumza kesho."

Kesho! Nyongeza ya mshahara ilikuwa kesho. Glavu zilikuwa kesho. Feni ya kutoa mvuke ilikuwa kesho. Ndiyo maana wafanyakazi walimwita Bwana Kesho, naye alidhani ni jina la heshima, la mtu anayeona mbali.

Kampuni yenyewe haikungoja kesho. Ilianza katika ua mmoja wenye kamba za kuanikia. Sasa ilikuwa na matawi, malori yenye picha ya povu ubavuni, na mikataba ya kufua shuka za hoteli na hospitali. Ilichipuka kama uyoga baada ya mvua. Mishahara tu ndiyo iliyobaki pale pale, mithili ya jiwe la kufulia.

*

Ukumbi wa kukunjia ulikuwa na joto la chungu kilichofunikwa. Upande mmoja mashine za kukaushia zilinguruma na kutapika mafungu ya shuka zilizosokotana. Upande mwingine, kwenye meza ndefu, kila mwanamke alikunja peke yake.

Juu yao wote, ukutani, palikuwa na skrini.

Katika skrini ile ilionekana mikono miwili tu, kuanzia viwiko hadi kucha, bila uso, bila mwili. Ilikunja shuka baada ya shuka. Haikuchoka, haikujikuna, haikwenda haja. Ilipomaliza, ilianza upya. Filamu hiyo hiyo ilichezwa katika kila tawi, na chini yake yaliandikwa maneno: HUU NDIO MWENDO WETU.

Ilikuwa mikono ya Cherehani.

"Mke mwenza hajambo?" ilipaazwa sauti alipoingia. Huyo alikuwa Redio, mwanamke mrefu wa meza ya pili, ambaye habari ikimwingia sikioni asubuhi, mchana imeshafika matawi yote. Yeye ndiye aliyeibatiza skrini ile jina hilo. "Hapiki, halali, halei mtoto, na bado mume anamsifu yeye!"

Wenzake waliangua kicheko.

"Bosi alikuitia nini, shoga? Mishahara?"

"Hapana."

"Basi ni fulana nyingine. Hii niliyopewa imeandikwa 'Tunakua Pamoja'. Mimi sijaona nilichokua isipokuwa miguu. Ikifika jioni, viatu vinaniomba talaka!"

Cherehani alijaribu kucheka. Kicheko kilifika kooni kikageuka kikohozi.

Kwa maana wanawake wale walimpenda, na hilo ndilo lililomkata maini. Walijivunia kwamba mikono ya ukutani imetoka katika meza zao. Walipokosa kipimo na kukatwa mshahara, walijilaumu wenyewe. "Sisi si Cherehani," walisema. "Yule amezaliwa na umeme vidoleni."

Laiti wangejua!

Kabla ya filamu hiyo, kila meza ilikuwa na watu wawili. Mmoja alichopoa shuka kutoka kwenye fungu, akaifumua, akaikung'uta na kuoanisha pembe. Wa pili aliipokea na kuikunja. Kila aliyewahi kugusa kazi ile anajua kwamba kuzitafuta pembe nne za shuka iliyosokotana na nyingine ndiyo nusu ya jasho lenyewe, kama si zaidi.

Siku mpiga picha alipokuja ilikuwa siku ya mapumziko. Ukumbi ulikuwa mtupu. Waliitwa Cherehani na Mama Mdogo peke yao, kwa kuwa meza yao ilisifika. Mpiga picha akachungulia katika kamera, akakunja uso.

"Aproni ya mama imechakaa. Inaniharibia picha. Sogea kando kidogo, mama."

Mama Mdogo akasogea. Lakini hakuacha kazi, kwani hakuambiwa aache. Akasimama nje ya picha, akafumua, akakung'uta, akarusha pembe mbili mezani. Na mikono ya Cherehani ikazipokea kana kwamba zimeshuka kutoka mbinguni.

Bwana Kesho aliitazama filamu hiyo ofisini, akiwa amekunja nne. Hajawahi kukunja hata leso yake. Akashika saa, akapima, akapiga meza kwa furaha: kumbe mtu mmoja anaweza kazi ya meza nzima! Juma lililofuata wale waliokuwa wawili wawili wakatenganishwa. Nusu wakapelekwa matawi mapya, na katika matawi hayo, aliyeshindwa kuufuata mwendo wa mikono ile alioneshwa lango.

Na Cherehani? Cherehani alivishwa aproni ya kijani ya usimamizi, akapigiwa makofi. Siku hiyo alikusudia kusema. Akaona nyuso zinavyomfurahia. Akasema moyoni, nitasema kesho.

Ndiyo, msomaji. Hata yeye alisema kesho.

*

Alimkuta Mama Mdogo katika stoo ya sabuni, ameketi juu ya debe lililopinduliwa, anakifunga upya kitambaa mkononi kwa kutumia meno.

"Niletee huo mkono nikufunge."

"Funga. Lakini usikaze kama unafunga mzigo."

Kifundo kilikuwa kimevimba na kung'aa. Cherehani alizungusha kitambaa polepole, akitafuta maneno. Alipata moja, likateleza. Akapata jingine, likateleza pia.

"Ni mimi, siyo?" Mama Mdogo aliuliza.

Kitambaa kilisimama.

"Mama..."

"Nimekuuliza. Ni mimi ninayeondoka?"

"Sikukutaja. Naapa sikukutaja."

"Najua hukunitaja. Ungenitaja ningesikia, nilikuwa mlangoni." Alitabasamu kidogo. "Nilisikia na usichokisema."

Cherehani alipiga magoti juu ya sakafu yenye ungaunga wa sabuni.

"Kipimo kile ni cha kwetu sote wawili. Wewe ndiye uliyekuwa upande wa pili. Unafukuzwa kwa sababu ya mikono yako mwenyewe! Kwa nini hujasema hata siku moja?"

"Nimwambie nani? Yule hana sikio la aproni kuukuu."

"Ungeniambia mimi nikaseme."

"Wewe?" Mama Mdogo alimshika kidevu, kama alivyokuwa akimfanya utotoni alipotaka kukagua kama amenawa uso. "Siku ile ulirudi nyumbani na aproni ya kijani, ukaivaa hata wakati wa kula. Nikasema, acha. Mtoto hulelewa apande. Sasa nimwangushe kwa sababu ya picha?"

"Lakini unaumia."

"Naumia ndiyo. Mkono utapona. Sikiliza, mwanangu. Leo mimi natoka, wewe unabaki. Ukisema, tutatoka sote, na kodi ya chumba haitalipwa kwa ukweli. Niahidi."

"Mama, usinidai ahadi hiyo."

"Niahidi!"

Hodi ikapigwa kwa nguvu. Redio alichungulia, macho yakimtoka.

"Jamani, mgeni ameshafika! Yule mwenye fedha za matawi mapya. Na eti filamu haitaki. Anataka kuiona mikono ikikunja mbele yake. Cherehani, Bwana Kesho anakutafuta kama sindano kwenye nyasi!"

Cherehani alisimama. Ahadi hakuitoa, na kukataa hakukataa. Tayari ulikuwa mchezo wake wa pili wa namna hiyo katika siku moja.

*

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu bapa na maneno machache. Koti jeupe lilimkaa vizuri. Alizunguka ukumbi akigusa kila kitu kwa ncha ya kidole, na Bwana Kesho alimfuata akieleza hata asichoulizwa.

"Huyu ndiye mwenye mikono. Tulimgundua hapa hapa. Tumemkuza."

"Namwomba akunje," mgeni alisema.

Toroli lililojaa likasukumwa hadi mezani. Wanawake wote wakaacha kazi. Redio akapiga vigelegele vifupi. "Waoneshe, mtoto wa nyumbani!"

Cherehani aliingiza mikono katika fungu.

Na hapo, kwa mazoea tu, kwa miaka mingi ya kusimama mahali pale, Mama Mdogo alisogea upande wa pili wa meza, akachopoa shuka ya kwanza, akaikung'uta ikalia pwaa, akarusha pembe. Cherehani akazidaka. Shuka ikakunjika kabla haijatulia mezani.

"Mama!" Bwana Kesho alifoka huku akitabasamu. "Toka hapo. Muache mtoto afanye peke yake, mgeni apate kuona."

Mama Mdogo akarudi nyuma. Mikono yake ikaning'inia, haina kazi.

Cherehani akavuta shuka ya pili. Ikaja na foronya tatu na mguu wa suruali ya daktari. Akafumua. Akatafuta pembe, akapata moja, akaipoteza alipoitafuta ya pili. Akakung'uta, lakini akiwa peke yake shuka haikulia pwaa, ilijikunyata kama paka aliyenyeshewa. Jasho likamwingia machoni.

Ukutani, mikono yake mingine ilikuwa imeshamaliza shuka kadhaa.

Macho ya mgeni yakapanda kwenye skrini, yakashuka mezani. Yakapanda. Yakashuka.

"Ana homa kidogo," Bwana Kesho alisema haraka. "Tangu juzi. Nilimsihi apumzike."

"Sina homa."

"Basi kuna nini?" mgeni aliuliza.

Cherehani alifungua kinywa. Lakini sauti iliyosikika haikuwa yake.

"Mimi ndiye niliyeharibu," Mama Mdogo alisema.

Aligeuka kila aliyekuwa na shingo.

"Mzigo huu niliusokota mimi, kwa makusudi, kabla haujaletwa. Nilijua leo nafukuzwa, nikaona uchungu kwamba yeye amepandishwa cheo. Mtoto hana kosa. Mikono yake ndiyo ile ile mnayoiona ukutani."

"Umesikia, bibi?" Bwana Kesho alimrukia mgeni kwa ushindi. "Hujuma! Mtu tumemlea katika familia, kumbe nyoka! Mlinzi aitwe. Mama huyu hatatoka tu. Ataripotiwa, na dobi yoyote mjini haitamgusa tena!"

Mama Mdogo hakutikisika. Alimtazama Cherehani, na macho yake yalisema: nyamaza, umeshavuka.

Ilikuwa rahisi kiasi hicho, msomaji. Hakuhitaji hata kusema uongo. Alihitaji kunyamaza tu, jambo ambalo tayari alikuwa fundi wake.

"Si kweli."

Neno lilitoka dogo. Akalirudia.

"Si kweli! Hakusokota chochote. Mzigo huwa hivi kila siku. Siku ya picha mama huyu alikuwa pale, nje ya kamera. Yeye alifumua, yeye alikung'uta, mimi nilikunja tu. Kile mnachokiita mwendo wa mtu mmoja ni kazi ya watu wawili. Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza, na nimenyamaza."

Alitarajia nini? Pengine alitarajia mbingu zitulie. Watu waliobeba uongo kwa muda mrefu hudhani kwamba wakiutua chini, na dunia nayo itapumua.

Bwana Kesho alikuwa na jasho juu ya mdomo. Mgeni alikuwa akimtazama. Kisha, taratibu, uso wa meneja ukang'aa, kama uso wa mtu aliyeanguka shimoni akaokota humo pochi.

"Watu wawili," alisema. "Ala! Umenifungua macho, binti. Sasa hilo ndilo litakalokuwa badiliko letu jipya, bibi. Kuanzia wiki ijayo tunarudisha wawili wawili mezani. Kipimo kinabaki kama kilivyo. Na kwa kuwa wawili wanafanya kazi tuliyokuwa tukimlipa mmoja..." Alifungua viganja, kama mtu anayegawa mkate. "Watagawana mshahara wa mmoja."

Shuka moja iliteleza mezani ikaanguka sakafuni.

"Gharama haipandi?" mgeni aliuliza.

"Haipandi hata kidogo. Na vilio vya kipimo vimekwisha. Mtamshukuru Cherehani, wazo ni lake."

Mgeni aliitikia kwa kichwa mara moja, akaanza kuvua koti. Bwana Kesho akamfungulia mlango wa ofisi, na kabla ya kuingia akageuza shingo.

"Yule mama abaki, tutahitaji watu. Cherehani, utawapanga wewe, nani na nani."

Mlango ukafungwa.

*

Mama Mdogo alikuwa amepona kufukuzwa. Cherehani alimkimbilia, akamshika mikono yote miwili kwa uangalifu.

"Umebaki, mama! Umesikia? Umebaki!"

Mama Mdogo aliichomoa mikono yake.

"Nimebaki kwa nusu ya kisichonitosha. Na hawa wote nimewavuta pamoja nami." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umesema kweli, mwanangu. Lakini umeanza kumwambia nani? Wenzako umekula nao, umecheka nao, wakakatwa mbele yako. Hukuwaambia hata mmoja. Ukweli wetu umempelekea yeye kwanza, naye kaupiga pasi akatuvalisha."

Cherehani aligeuka kuwatazama wenzake. Alikutana na migongo. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wamerudi kwenye meza, na hakuna aliyekunja.

Redio peke yake ndiye aliyebaki amemkabili. Hakuwa na mzaha usoni. Bila mzaha alionekana mzee.

"Hivi ulijua?" aliuliza. "Tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Tawi la pili, walipoanza kutoa watu, ulijua?"

"Redio, mimi..."

"Dada yangu alikuwa tawi la pili."

Cherehani aliinua macho akaitazama skrini.

"Alikuwa akirudi nyumbani, anachukua shuka ya kitanda chake, anafanya mazoezi mezani hadi watoto wanashindwa kulala. Ananiuliza, 'Mdogo wangu, yule mwenye mikono ile huzishikaje pembe? Muulize, unifundishe.' Nami nikamwambia, dada, ni kipaji, hukupewa." Redio alijipiga kifuani. "Mimi! Mimi nilimwambia dada yangu hakupewa! Akafukuzwa, nikamwambia tena ajilaumu mwenyewe. Hadi leo hatusalimiani vizuri."

"Nisamehe."

"Mimi nikusamehe? Mimi bado nina meza."

Cherehani alijaribu kulifungua fundo la aproni ya kijani. Fundo likakataa, akaivulia kichwani, akaiacha juu ya toroli.

"Dada yako anakaa wapi? Nataka nimfuate. Nataka nimwambie yeye kabla hajaambiwa na mtu mwingine."

Redio alimtazama kwa muda, kama anayepima iwapo huo nao ni mkunjo wa uongo.

"Huna haja ya kwenda mbali. Nilimtumia habari kwamba mgeni anakuja leo. Alisema atasimama langoni amwombe kazi akiwa anatoka. Atakuwa hapo nje sasa hivi."

"Nipeleke."

"Nenda mwenyewe. Njia unaijua."

Cherehani alimtazama Mama Mdogo. Mama Mdogo hakumzuia, wala hakumsindikiza. Aliokota shuka iliyokuwa imeanguka sakafuni na kuanza kuikung'uta, kwa mkono wake mmoja mzima.

Ua ulikuwa mweupe kwa jua. Malori mawili mapya yalikuwa yakioshwa. Mlinzi wa lango aliyekuwa akinywa chai aliinuka nusu.

"Unatoka, msimamizi? Hujambo lakini? Mbona hivyo?"

"Nifungulie."

"Kuna watu hapo. Niliwaambia wasikae, hawasikii."

Lango lilivutwa.

Alitarajia kumkuta mwanamke mmoja. Aliwakuta wamejaa hadi ng'ambo ya barabara. Wengine wamesimama, wengine wameketi juu ya ukingo wa mtaro, wengine na watoto migongoni. Baadhi yao walikuwa wamevaa zile fulana. Tunakua Pamoja. Habari za Redio hazijawahi kumfikia mtu mmoja tu.

Aliyekuwa mbele alikuwa na urefu ule ule wa Redio na paji la uso lile lile. Alimwendea Cherehani kwa adabu, akitabasamu tabasamu la mtu aliyekuja kuomba.

"Shikamoo... ah, kumbe ni binti tu! Samahani, jua limenipiga. Umetumwa na mgeni? Anakubali kutusikiliza?"

Hakumjua. Angemjuaje? Uso huu hawajawahi kuuona.

"Sikutumwa na mtu," Cherehani alisema. Alikuwa ameificha mikono nyuma ya gauni bila kukusudia. "Nimekuja kwako, dada. Wewe na wenzako. Nina neno ambalo nilipaswa kuwaambia zamani."

"Sema, mpenzi. Mbona unaificha mikono?"

Cherehani akafanya jambo pekee aliloliweza. Aliitoa mikono nyuma, akainyoosha mbele, viganja chini, kuanzia viwiko hadi kucha.

Mwanamke yule aliitazama kwa mshangao. Kisha tabasamu likaganda. Aliusogelea mkono wa kushoto, akaligusa kovu dogo juu ya kidole gumba, kovu alilokuwa amelitazama kutwa nzima, siku baada ya siku, likipita na kurudi ukutani.

Aliushika mkono ule. Aliushika kwa nguvu.

"Njooni," aliwaita wenzake, bila kuyaondoa macho pale. "Njooni nyote. Ni yeye."